Wanafunzi wa Mlimani na mishahara ya wakubwa

Vitabu vya shule vinatufundisha kwamba Azimio la Arusha lilianzia Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikutana mwishoni mwa Januari 1967, Azimio likatangazwa Februari 5, benki zikataifishwa, na mwanafunzi wa kidato cha nne anakariri tarehe anasonga mbele. Mimi naamini sehemu moja ya Azimio lile, ile iliyowauma viongozi kuliko zote, ilizaliwa miezi mitatu na ushei kabla, Ikulu, Dar es Salaam. Nasema masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ilikuwa Jumamosi, Oktoba 22, 1966, na waliokuwa wamesimama mbele ya Rais Nyerere walikuwa wanafunzi waliovaa majoho.

Wanafunzi hao walifukuzwa siku ileile. Hawakupata hata kimoja walichokiomba, na hoja yao, kwa maoni yangu, haikuwa nzuri. Lakini waligusa kitu ambacho nchi hii haijaacha kukigombania: nani anastahili kulipwa nini na taifa maskini. Tangu siku hiyo, kila wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipogongana na dola kwa uzito wa kweli, nikichimba nakuta suala hilohilo likiwa chini yake.

Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Baada ya miaka mitatu kikahamia Mlimani. Kwa nchi iliyokuwa na wasomi wa kuhesabika, kuingia pale kulikuwa sawa na kupewa ufunguo wa ofisi. Nafasi za Waingereza zilikuwa wazi zinasubiri mtu, na mshahara wa nafasi hizo ulikuwa umepangwa na Waingereza kwa ajili ya Waingereza. Hilo ndilo jambo la kulishika. Serikali huru ilirithi ngazi za mishahara za kikoloni pamoja na viti vyake, na kwa miaka mitano ya mwanzo walioketi juu hawakuzibomoa.

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) liliundwa Julai 10, 1963, na mwanzoni lilikuwa la kujitolea. Vijana wa vijijini waliitika, wasomi wengi hawakuonekana. Mwaka 1966 serikali ikaleta mpango wa kulifanya kuwa la lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita, vyuo na chuo kikuu. Miaka miwili: miezi michache kambini, kisha muda uliobaki kufanya kazi ya kawaida huku mhitimu akipokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Asilimia 60 inabaki kwa taifa.

Wanafunzi wakakataa. Wakatoka na mabango, na kati ya mabango hayo lilikuwamo lililosema ni afadhali ukoloni. Hebu fikiria maneno hayo yakipelekwa kwa Nyerere, mwaka wa tano wa uhuru. Walipofika Ikulu walipokelewa, wakasoma tamko lao mbele ya Rais na mawaziri wake. Kiini chake kilikuwa kwamba masharti yasipobadilishwa, miili yao itakwenda kambini lakini roho zao zitabaki nje, na mvutano kati ya wasomi na wanasiasa hautakwisha.

Tamko hilo lilikuwa na sumu ndani yake, na sumu hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Wanafunzi walikuwa wanamwambia Rais: mnatutaka tujinyime, na nyinyi je? Mbona mawaziri wanaishi vizuri?

Nyerere aliwasikiliza, kisha akalipuka. Aliwaambia hatamchukua hata mmoja ambaye roho yake haimo katika jeshi hilo, na akawaamuru warudi makwao. Lakini kabla ya kufika hapo alifanya jambo ambalo hadi leo nalistaajabia. Aliukubali upande mmoja wa hoja yao. Alisema wazi kwamba mishahara mikubwa, yao na yake, inajenga tabaka la wanyonyaji. Akautaja mshahara wake mwenyewe hadharani, shilingi 5,000 kwa mwezi, akaulaani kuwa ni mkubwa mno kwa nchi maskini. Akatangaza kwamba anaukata kwa asilimia 20, na wakubwa serikalini wakafuata. Wanafunzi 393, wengi wa chuo kikuu na wengine wa vyuo vingine vya jijini, wakasombwa kurudishwa mikoani kwao. Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Niliwahi kuzungumza kwa kirefu na mzee mmoja wa mtaani kwetu, sasa marehemu, aliyekuwamo katika msafara ule. Nilimuuliza kama kweli waliona ukoloni ni bora.

"Mwanangu, hatukuwa tunamtukana Mwalimu," alinijibu. "Tulikuwa tunapiga hesabu."

Akanipigia hesabu yenyewe palepale barazani, kwa vidole. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wa ada, mmoja baada ya mwingine, tangu shule ya kati. Nyuma yake kulikuwa na wadogo zake wanne wakisubiri mshahara wake wa kwanza ili nao wasome. Ukimkata asilimia 60 kwa miezi mingi namna ile, wa kwanza kati ya wale wanne anarudi shamba. Aliporudishwa nyumbani, baba yake hakumfokea. Alimpa jembe, na kwa msimu mzima hawakuzungumza habari za chuo.

Nimeifikiria sana hesabu ile. Ilikuwa ya kweli, na hesabu ya Nyerere nayo ilikuwa ya kweli, kwa sababu mkulima asiye na mshahara wowote ndiye aliyekuwa akilipia vitabu na chakula cha hao wanafunzi, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kukatwa. Ninapopima hizo mbili, nasimama na mkulima. Ila siwezi kuwaita wanafunzi wale wabinafsi nikanyamaza hapo, kama ilivyozoeleka kuandikwa. Walikuwa watoto wa wakulima haohao, wakiwa wamebeba mzigo wa ukoo mzima.

Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa kijana wa sheria kutoka Urambo, Samuel Sitta. Alirudi, akamaliza, akawa mbunge, waziri, na kati ya 2005 na 2010 Spika wa Bunge. Mwaka 2014 aliongoza Bunge Maalumu la Katiba, na moja ya mabishano ya mwanzo kabisa ya Bunge lile lilihusu posho za wajumbe.

Baada ya 1966 serikali ilijua kwamba haiwezi kuwaomba wasomi wajinyime bila wakubwa kujinyima kwanza. Arusha ikaja na masharti ya uongozi. Machi 1967 ikafuata Elimu ya Kujitegemea, waraka uliouliza waziwazi shule zetu zinamwandaa mtoto kwa maisha yapi. Sisemi wanafunzi waliandika nyaraka hizo. Mawazo ya ujamaa Nyerere alikuwa nayo tangu zamani. Nasema waliharakisha. Walimwonyesha Rais, uso kwa uso, tabaka ambalo nchi yake ilikuwa inalilea, na akaona kwamba yeye mwenyewe yumo ndani yake.

Chuoni hali ikageuka kabisa, kwa kasi ya ajabu. Mwaka huohuo wa 1967 kundi la wanafunzi likaanzisha umoja wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana wa Kiganda aliyeitwa Yoweri Museveni. Walikuwa wachache, kutoka Tanzania, Uganda, Kenya, Malawi na kwingineko. Dar es Salaam ilikuwa makao ya vyama vya ukombozi, na ungeweza kumsikiliza mpigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji jioni na kesho yake ukaingia darasani kwa mwanahistoria Walter Rodney. Mwaka 1968 baadhi yao walikwenda kuyaona kwa macho maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji.

Tukio lao ninalolipenda zaidi ni dogo. Chuoni kulikuwa na sherehe iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza, iliyoitwa Rag Day. Wanafunzi walivaa matambara, wakapanda malori, wakazunguka mjini wakichangisha fedha za masikini kwa vifijo na vichekesho. Novemba 1968, alfajiri, vijana wa USARF wakayatoa upepo matairi ya malori yale. Hoja yao ilikuwa fupi: mtu anayelala chumba cha hosteli kwa fedha ya mkulima havai matambara kuigiza umaskini wa mkulima huyo. Sherehe ikafa na haikufufuka. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu majoho yaandamane kwenda Ikulu, na sasa wanafunzi walikuwa wanawahukumu wanafunzi wenzao kwa kipimo kilekile alichokitumia Nyerere.

Kisha likaja jarida la Cheche, toleo la kwanza Novemba 1969. Lilipigwa taipu kwenye stensili na kuzungushwa kwa mashine, karatasi kwa karatasi, na wanafunzi wenyewe wakapanga kurasa na kubana pini. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, huyuhuyu ambaye baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanzania. Mwaka 1970 likatoa toleo maalumu lenye andiko la Issa Shivji, wakati huo kijana aliyetoka kumaliza shahada ya sheria. Alisema kwa mantiki kali kwamba kutaifisha mali hakujaondoa mapambano ya kitabaka, kwamba wakubwa wa mashirika ya umma wanageuka kuwa mabwana wapya. Nchi nzima ilikuwa inaimba ujamaa, na huyu kijana anasema angalieni nani ameshika funguo.

Novemba 1970 jarida likapigwa marufuku, na USARF nayo. Sababu iliyotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha, na kwamba jina Cheche lina harufu ya kuazima itikadi ya Warusi, kwa kuwa gazeti la Lenin nalo liliitwa hivyo. Ni uamuzi ninaouona kuwa kosa kubwa la Mwalimu katika habari hii yote. Wale wa 1966 walikuwa wamempinga, akawajibu kwa hoja kabla ya kuwafukuza. Hawa wa Cheche walikuwa upande wake. Walikuwa wanausoma ujamaa wake kwa makini kuliko mawaziri wake wengi, na hawakujibiwa kwa hoja yoyote.

Hata hivyo Cheche ilikuwa na udhaifu wake, nao ni mkubwa. Jina lilikuwa la Kiswahili lakini kurasa zilikuwa za Kiingereza. Mfanyakazi wa kiwanda cha Ubungo, kilometa chache chini ya Mlima, asingeweza kuusoma ukurasa hata mmoja kuhusu tabaka lake. Kazi hiyo ilifanywa na TANU yenyewe Februari 1971, ilipotoa Mwongozo kwa Kiswahili, wenye ibara iliyokemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakaikariri. Migomo ikazuka viwandani, na kila meneja mwenye kiburi akasomewa Mwongozo mbele ya uso wake.

Wanafunzi nao wakausoma. Julai 1971 rais wa serikali yao, DUSO, alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga. Aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akilalamikia uongozi unaoamua mambo bila kuwashirikisha wanafunzi. Jibu lilikuwa Kikosi cha Kutuliza Ghasia, FFU. Akivaga alitolewa chuoni chini ya mtutu wa bunduki na kurudishwa Kenya, na wanafunzi wakagoma. Naiona siku hiyo kuwa ndiyo siku mambo yalipogeuka. Mwaka 1966 Rais aliwafokea wanafunzi yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, ofisini kwake. Miaka mitano baadaye waliokuja kuzungumza nao walikuja na bunduki.

Novemba 1974 likafuata Azimio la Musoma, ambalo watu hulikumbuka kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote. Lilikuwa na jambo jingine. Aliyemaliza kidato cha sita hakuingia tena chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kufanya kazi kwanza na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Shabaha ilikuwa njema, kumfanya msomi aijue kazi. Lakini jiulize ni kijana gani atakayepewa barua nzuri na katibu wa chama wa wilaya. Mkorofi alichujwa kabla hajaona lango la chuo. Sheria moja ya udahili ilifanya kazi ambayo FFU haikuweza kuifanya.

Haikutosha, hata hivyo. Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani na wa vyuo vya jirani walishuka barabarani. Safari hii hawakudai senti moja ya kwao. Walikuwa wanapinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri, iliyopitishwa wakati wananchi wanaambiwa wafunge mikanda. Ndiyo hoja ya Nyerere ya mwaka 1966, neno kwa neno, ikirudishwa kwa serikali ya Nyerere. Polisi waliwapokea kwa virungu, mamia wakafukuzwa, DUSO ikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, chombo kilichowekwa chini ya Umoja wa Vijana wa chama.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Waliodai chao walifukuzwa, na waliokataa wakubwa wasijiongezee wakafukuzwa pia. Kati ya makundi hayo mawili, ni lile la kwanza, lenye hoja dhaifu, lililobadilisha sera ya nchi. La pili lilikuwa na haki tupu na halikubadilisha kitu. Tofauti naiona kwa upande wa serikali. Mwaka 1966 juu kulikuwa na mtu aliyekuwa tayari kuchomwa na swali. Mwaka 1978 mtu alikuwa yuleyule, lakini kati yake na wanafunzi palikuwa pamejengwa chama kimoja, bunge lililojipendelea na polisi waliozoea.

Jirani zetu walipata makubwa kuliko haya. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani mwaka 1988. Kampala, Desemba 1990, wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya posho zilizofutwa, na polisi wakawapiga risasi wawili wao wakafa. Rais wa Uganda siku hiyo alikuwa mwenyekiti yule wa USARF. Nimejaribu kuliandika jambo hili kwa upole na limenishinda.

Kwetu mwaka huohuo wa 1990 Rais Mwinyi alikifunga Chuo Kikuu mwezi Mei, baada ya mgomo uliohusu hali ya elimu na rushwa serikalini, na kikafunguliwa mapema mwaka uliofuata. Vijana wa kizazi hicho waliingia moja kwa moja kwenye madai ya vyama vingi. James Mbatia alifukuzwa chuo miaka hiyo na kuibukia kwenye uongozi wa chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992, na wanafunzi hawakuwa peke yao katika hilo, wala hawakuwa wa kwanza.

Kisha ikaja sera ya wanafunzi kuchangia gharama za masomo, na baada ya hapo Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Migomo haikuisha, ila maudhui yake yalihama. Novemba 2008 vyuo vya umma vilifungwa kimoja baada ya kingine kwa sababu ya asilimia za mikopo. Siku hizi ukisikia vurugu chuoni, uliza kwanza kama bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa. Simlaumu mtoto anayegoma kwa sababu hajala. Yule mzee wa barazani naye alikuwa anapiga hesabu ya tumbo la wadogo zake. Kinachonisumbua ni kwamba mkopo humfanya kila mwanafunzi awe na faili lake peke yake, deni lake peke yake, rufaa yake peke yake. Mwaka 1966 makato yalikuwa asilimia 60 kwa wote, na wote wakasimama mahali pamoja. Sasa mmoja ana asilimia 100, jirani yake wa chumba ana 40, wa tatu amekosa kabisa, na kuwaweka kwenye msafara mmoja kunahitaji kazi ya uongozi ambayo serikali za wanafunzi, zenye kanuni zinazoandikwa na wengine, hazina nafasi ya kuifanya.

JKT ya lazima ilisitishwa mwaka 1994, ikarudishwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Kabla vijana hawajaenda, baadhi ya wabunge waliingia kambini kwa mafunzo mafupi, na picha zao wakiwa ndani ya magwanda zikajaa magazetini. Nilifurahi kuziona, maana angalau mtu alikumbuka kwamba mkubwa hutangulia. Suala la kiinua mgongo cha wabunge lilipoibuka siku zile, wananchi walilalamika redioni na kwenye daladala. Kutoka Mlimani sikusikia msafara.

Waliokuwa Ikulu wakiwa na miaka 22 sasa wamevuka 80. Sitta alifariki Novemba 2016. Wa Cheche wameandika kumbukumbu zao, kwa hiyo upande huo tunao. Wale 393 hatunao. Nataka mtu mwenye kinasa sauti, mwanafunzi wa historia anayetafuta mada ya tasnifu, aende Tabora, Bukoba, Moshi na Songea akawatafute waliobaki, awaulize kwa Kiswahili walirudi vipi nyumbani, nani aliwapokea, na walisema nini Februari 1967 waliposikia redioni masharti ya uongozi yakisomwa.